Kutu Imewekwa Sura ya 20
Chemistry: The Central Science, kilichotoka mara ya kwanza 1977, ni kitabu kizuri kwa mkemia. Kwa mhandisi wa mwaka wa kwanza, naona kimepangwa kinyume. Kinaanza na maada na vipimo, kinapita kwenye obiti za elektroni, na kutu inasubiri sura ya 20, ndani ya elektrokemia. Kozi ya muhula mmoja itafika huko lini?

Hasara si ndogo. Zege jipya lina pH inayozidi 12, na hali hiyo huivika nondo utando mwembamba wa oksaidi unaoikinga. Kloridi ya chumvi ya bahari ikipenya, utando hutoboka. Kutu huhitaji nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, hivyo zege hupasuka kutoka ndani. Kwetu pwani, Dar es Salaam au Tanga, hilo ni jambo la kila jengo.

Na sura yenyewe ni tamu! Mchoro wa tone la maji juu ya chuma, huku anodi, kule kathodi, unafundisha kuliko majedwali mengi. Ningeanza kozi na tone hilo. Moli zingekuja zenyewe, mwanafunzi akitaka kujua ni gramu ngapi za nondo zimekwisha kuliwa.