Mpaka Kwenye Chuma Kizima

Anayetengeneza gari la zamani mjini Goma anashindana na mlima. Nyiragongo, wenye urefu wa mita 3,470, pamoja na jirani yake Nyamulagira, ni miongoni mwa volkano zinazotoa gesi ya salfa kwa wingi zaidi duniani. Gesi hiyo ikikutana na unyevu wa mawingu hugeuka asidi, na mvua ikinyesha inashuka nayo. Mara nyingi upepo huusukuma moshi magharibi, upande wa Rusayo, Sake na vilima vya Masisi. Huko paa za nyumba zinasema zenyewe: bati jipya linapoteza mng'ao, linageuka hudhurungi, na misumari inaanza kucheza ndani ya matundu yaliyopanuka. Siku upepo ukigeuka, harufu ya salfa inafika hadi Himbi na Katindo. Kinachokula paa hakiliachi gari lililo chini ya paa.

Watu wengi hudhani kutu ni uzee, kwamba gari likifika umri fulani ni lazima lioze. Si kweli. Gari la mwaka 1978 lililoishi penye ukame linaweza kuwa na chesi safi kuliko la mwaka 2005 lililolala nje hapa kwetu. Chuma kinataka maji na oksijeni ili kishike kutu, basi. Asidi ya salfa inaongeza jambo la tatu, nalo ndilo baya zaidi: chumvi zake hubaki zimejificha ndani ya vishimo vidogo vya chuma, zikivuta unyevu hata siku ambayo mvua haijanyesha. Ukipaka rangi juu yake umezifungia ndani tu. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo inavimba, inainua rangi, inafungua njia ya maji mengine. Ndiyo maana gari lililopakwa rangi nzuri Januari linatoka malengelenge kabla ya Krismasi, na mwenyewe analaumu rangi.

Magari ninayoyasema mimi ni yale yenye umbo la sanduku ambayo kila mtoto wa Kivu anayajua. Land Cruiser za mfululizo wa 40 zilitengenezwa kuanzia mwaka 1960 hadi 1984. Kisha zikaja za mfululizo wa 70, ambazo mpaka leo ndizo zinazopanda kwenda Masisi pale magari mengine yanapogeuza. Land Rover ilitangulia, mwaka 1948, ikiwa na bodi ya aluminiamu kwa sababu Uingereza baada ya vita ilikuwa na uhaba wa chuma. Aluminiamu haishiki kutu nyekundu, na hilo limewadanganya wengi. Chesi yake ni chuma, na pale aluminiamu inapogusana na chuma penye maji, aluminiamu ndiyo inayoliwa: unakuta unga mweupe pembeni mwa bolti, na chini yake shimo.

Yalifikaje hapa? Baadhi yaliletwa na mashamba ya kahawa na misheni, mengine na mbuga ya Virunga, ambayo ilianzishwa mwaka 1925 ikiitwa Mbuga ya Albert. Dian Fossey alipoanza kuchunguza sokwe wa milimani pale Kabara mnamo Januari 1967, alifika na Land Rover kuukuu aliyokuwa ameipa jina Lily. Kisha likaja wimbi la Julai 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipoingia Goma kwa mamia ya maelfu ndani ya siku chache, na nyuma yao misafara ya magari meupe ya misaada. Tangu hapo mji huu haujawahi kukosa Land Cruiser nyeupe. Mashirika yanapobadilisha magari, ya zamani huuzwa, na hapo ndipo maisha yao ya pili yanapoanza, ndani ya ua wa mtu, juu ya mawe meusi.

Katika ua kama huo ndipo ninapofanyia kazi. Gari langu ni BJ40, mojawapo ya zile za mfululizo wa 40, ya dizeli, lita tatu. Ardhi yetu ni lava iliyoganda, kwa hiyo jeki haizami, na ukuta wa mawe unakinga upepo. Juu ya gari nimefunga turubai. Anayefikiri kwamba ufundi huu unahitaji karakana yenye lifti hajaona kinachofanyika katika parseli za Majengo na Ndosho.

Chukua sakafu ya upande wa dereva. Ukiondoa zulia la mpira utaona rangi ya zamani bado ipo, imevimba. Piga kwa nyundo ndogo, polepole, ukitoka katikati kwenda pembeni. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti nzito, fupi. Weka alama ya chaki pale sauti inapobadilika, kisha ongeza vidole viwili nje ya alama, maana kutu hutangulia macho. Halafu washa grinda. Diski ikipita kwenye kutu, cheche ni chache na hafifu. Ikifika kwenye chuma zinaruka ndefu, zinang'aa. Nilipokuwa najifunza nilimuuliza fundi wangu, "Papa, nikate mpaka wapi?" Fundi hakunyanyua hata kichwa. "Fuata cheche," akasema.

Hapo ndipo penye moyo wa kazi yote. Tundu lililoonekana dogo kama kifungo linakuwa pana kama sahani, na mkono unataka kusimama. Unajiambia kwamba pale pembeni patavumilia. Hapatavumilia. Bati jipya likishikizwa kwenye chuma kilichooza, moto wa kuchomelea unakila kile kilichooza, tundu linakuwa kubwa zaidi, na hata bati likishika, litang'oka barabara ya Sake ikianza kulitikisa. Kukata chuma ambacho bado kinaonekana kama sakafu kunahitaji ujasiri wa aina yake, na ninawaheshimu mafundi wetu kwa ujasiri huo kuliko kwa jambo jingine lolote.

Kiraka kinaanzia kwenye katoni. Unakata katoni iingie kwenye tundu bila kulazimishwa, kisha unaihamishia kwenye bati. Pipa la mafuta la lita 200 linatoa bati zuri la unene wa karibu milimita moja, linalokaribiana na la bodi yenyewe. Pipa lililobeba petroli lioshwe kwanza na kujazwa maji kabla moto haujalikaribia, maana mvuke uliobaki ndani unalipuka. Unaondoa waya za betri, unabana kiraka, halafu unachomelea nukta kwa nukta: moja huku, ya pili ng'ambo, ya tatu katikati, kama mshonaji anayepiga bandi kabla ya kupitisha cherehani. Ukivuta mstari mmoja mrefu kwa haraka, joto linalipindisha bati na sakafu inabaki na mawimbi. Kila baada ya nukta chache unasubiri ipoe mpaka uweze kuigusa kwa kiganja. Umeme wa Matebe, kituo cha umeme wa maji kilichofunguliwa Rutshuru mwaka 2015, umewarahisishia wengi kuchomelea nyumbani. Ukikatika kuna jenereta, na wazee wengine bado hawaachi gesi ya kabide, ambayo mkononi mwa anayeijua inashona bati jembamba vizuri kuliko mashine.

Kuna kazi nyingine mjini ambayo siihesabu kuwa ufundi. Kutu inakwanguliwa juu juu, tundu linazibwa kwa gazeti au wavu, mastiki inapakwa nene, msasa, rangi, na gari linauzwa wiki hiyohiyo. Mastiki ina mahali pake: tabaka jembamba juu ya chuma kilichokwisha kusafishwa na kupakwa rangi ya kwanza, kusawazisha bonde dogo. Lakini ikiwa ndiyo inayoziba tundu, inafyonza maji kutoka nyuma na kuyashikilia dhidi ya chuma mchana na usiku. Anayelinunua gari hilo ana familia, na atapanda nalo vilima akiamini miguu yake inakanyaga sakafu. Hilo linaniuma, sioni sababu ya kulisema kwa upole.

Vipande vidogo, kama mabano, bawaba na nati kubwa, vinaoshwa kwa njia ninayoipenda sana. Ndoo ya plastiki, maji, magadi, betri. Kipande chenye kutu kinafungwa kwenye hasi, kipande cha chuma chakavu kwenye chanya, visigusane. Mapovu yanapanda, na kufikia asubuhi kutu imelegea kiasi cha kufutwa kwa brashi, chuma chenyewe hakijapungua. Kazi hii ifanyike nje, kwa sababu mapovu hayo yana haidrojeni inayowaka, na upande wa chanya usiwekwe chuma cha pua, kwa kuwa kinaacha sumu ya kromiamu majini. Nimewaonyesha vijana wa jirani, na sasa wao ndio wanaoniletea bawaba za milango ya watu.

Nimeulizwa mara nyingi kwa nini nisinunue gari jipya zaidi. Bei ni sababu, naam, lakini si hiyo peke yake. Injini ya gari hili naifungua kwa spana za kawaida, na kinachoharibika ninakiona kwa macho. Mji huu umefundishwa kuondoka ghafla. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya Goma hadi ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 ilisimama Buhene, karibu na uwanja wa ndege, na siku tano baadaye ikatolewa amri ya kuhama mitaa mingi. Barabara ya Sake ikajaa. Saa kama hiyo unataka gari ambalo umeigusa kila bolti yake, linaloweza kubebeshwa bibi, magodoro na masufuria bila wewe kujiuliza kama chesi itahimili.

Silifanyi ling'ae kama la maonyesho. Mlango wa nyuma una bonde la zamani, chuma chake ni kizima, rangi ya kiwandani bado imeshika, hilo naliacha. Pale nilipokata, rangi ya kwanza ni ya zinki, kila kiungo kinazibwa, na rangi ya juu inapakwa Juni au Julai, umande ukishakauka na kabla upepo haujainua vumbi jeusi. Kabla ya kupaka, chuma kinaoshwa kwa maji mengi kuondoa zile chumvi za salfa, kisha kinakaushwa kwa joto, kikiwa bado cha kijivu safi.

Maji ya kuoshea ni ya ziwa. Maji ya Kivu si laini kama ya mvua: yana magadi kiasi chake, pH yake ni karibu 9, na kwa gari lililoloweshwa na mvua ya mlima, hayo yanasaidia kupooza asidi. Ila sipeleki gari ufukweni. Pale Kituku watu wanachota maji ya kunywa, na oili ya difu haina haki ya kuingia humo. Maji yanakuja nyumbani kwa bidoni. Naanzia juu ya springi ambako tope hukaa, napitia ndani ya chesi, nazibua kwa waya matundu ya chini ya milango, kwa sababu milango mingi ya Goma imeozea hapo tu, vumbi la lava lilipoziba njia ya maji. Wengi humalizia kwa oili chafu ya injini. Ina asidi zake yenyewe, na inadondokea ardhi ambayo watoto wanaichezea. Mimi nayeyusha grisi na nta ya nyuki, naipuliza ndani ya chesi ikiwa bado ya moto, gari likiwa limekauka juani milango yote wazi. Kazi hiyo hufanywa kila Agosti, kabla mvua za Septemba hazijaanza.