Kompyuta Inayopona Ikifika kwa Fundi

Kupiga Windows upya hakujawahi kuponya pawa saplai. Hata hivyo ndiyo tiba ya kwanza inayopewa karibu kila kompyuta ya mezani iliyozeeka ikianza kujizima ovyo. Ya pili ni kubadilisha RAM, ya tatu ni kumwambia mwenye mali atafute nyingine. Kompyuta ninayoichambua hapa, ya stesheneri moja ya Dar es Salaam, ilikuwa imeshapitia tiba mbili za mwanzo, ikanunuliwa hata UPS juu yake, na bado ilikuwa ikikatika katikati ya kazi ya mteja na kujiwasha yenyewe. Ikipelekwa kwa fundi inashinda mezani kwake bila tatizo. Ikirudi dukani, yale yale.

Kule kupona kwa fundi ndiko kulikokuwa dalili kubwa kuliko zote, ila mafundi waliotangulia walikuona kama usumbufu tu. Fundi wa mwisho alikataa kuondoka na mashine. Aliomba kiti, akakaa nayo palepale dukani.

Alianzia Event Viewer ya Windows, kwenye matukio mawili: 6008 na Kernel-Power 41. Wengi wakiiona hiyo 41 hudhani wamepewa jina la ugonjwa. Siyo. Windows huiandika baada ya kuwaka tena, kwa kuwa wakati wa kuzimika haikupata nafasi ya kuandika chochote. Inachosema ni kwamba haikuzimwa kwa utaratibu, basi. Cha kutazama kimo ndani yake, kwenye BugcheckCode. Pakiwa na namba isiyo sifuri, Windows ilianguka yenyewe kwa ile skrini ya bluu, na hapo draiva au RAM ni washukiwa halali. Hapa palikuwa na sifuri kila mara. Mashine ilikuwa ikinyang'anywa umeme kabla Windows haijajua lolote.

Kisha akanakili kwenye karatasi saa za kukatika zilizoandikwa kwenye kila tukio la 6008. Hii kazi ya ukarani ndiyo iliyofungua kesi. Nyingi zilikuwa za asubuhi, duka likiwa limefunguliwa punde. Chache zilitawanyika mchana. Jumapili hapakuwa na hata moja. Ingekuwa joto, mashine ingezimika zaidi alasiri. Tena prosesa inayopata moto haikatiki hivi hivi: hujipunguzia kasi kwanza, na mtumiaji hulalamikia uzito kabla ya kulalamikia kuzima. Vumbi la kwenye feni alilipuliza kwa sababu lilikuwepo, joto likashuka kidogo, kujizima kukaendelea.

Usiku aliiacha ikiendesha Memtest86+ hadi asubuhi. Hakuna kosa hata moja, na muhimu zaidi, haikuzimika. Usiku kucha prosesa na RAM zilikuwa kazini, ndani ya chumba kilekile, kwenye soketi ileile. Kwa hiyo swali likabadilika: mchana dukani kuna nini ambacho usiku hakipo?

Kulikuwa na printa ya leza. Ndani yake mna rola ya kuyeyushia tona, na rola hiyo ikiwa baridi hunyonya mamia ya wati kwa mkupuo ili ipate moto. Printa, kompyuta mbili na feni ya mezani vyote vilining'inia kwenye ekstensheni moja ya waya mwembamba. Fundi akaizima printa, akaiacha ipoe, akaiwasha. Taa ya dari ikafifia, kompyuta ikakatika. Akarudia, ikakatika tena. Akaichomeka printa kwenye soketi ya ukuta wa pili, akaiwasha ikiwa baridi vilevile: kompyuta ikaendelea.

Mwenye duka aliuliza swali zuri kuliko yote: mbona ile kompyuta ya pili, iliyo kwenye ekstensheni hiyohiyo, haizimi?

Jibu limo ndani ya pawa saplai. Umeme wa volti 230 ukiingia hugeuzwa kuwa wa mkondo mnyoofu wa volti zipatazo 325, ukawekwa kwenye kapasita kuu. Kapasita hiyo ni simtanki la nyumba: bomba la mtaani likisita kidogo, aliye jikoni hajui. Kiwango cha ATX cha kompyuta za umri huu kilitaka pawa saplai yenye mzigo kamili ivumilie milisekunde 16 hivi bila umeme. Wimbi moja la umeme wetu wa hezi 50 huchukua milisekunde 20. Yaani hata ikiwa mpya, akiba ni ndogo. Ikizeeka, elektroliti ya kapasita hukauka na ujazo hupungua, na joto huharakisha mambo: mafundi hukadiria kuwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza umri wa kapasita kwa nusu. Akiba ikiisha, pawa saplai huondoa ile ishara ya waya wa kijivu inayoiambia mazabodi kuwa umeme uko sawa, na mazabodi huanza upya papo hapo.

Hapo ndipo multimita ilipowadanganya mafundi wa kwanza. Waya wa njano ulisoma volti 12.1, ndani kabisa ya mipaka ya 11.4 hadi 12.6. Lakini multimita ya kawaida hutoa wastani, na mtikisiko wa milisekunde chache hupita bila kuonekana. UPS nayo ilikuwa ya aina ya bei nafuu, inayohitaji milisekunde 4 hadi 10 kuhamia kwenye betri. Kompyuta nzima haihisi pengo hilo. Hii ilikuwa ikilihisi.

Kumpata mrithi wa pawa saplai kulichukua muda, kwa sababu kompyuta nyingi za ofisini zinazoingia kama mtumba zina plagi zisizo za kawaida. Ilibidi kutafuta adapta. Ile ya zamani aliifungua baada ya kuhakikisha kapasita imeishiwa chaji, jambo ambalo asiyejua asilijaribu. Kapasita kuu iliandikwa mikrofaradi 330. Kipimo kilionyesha chini ya nusu. Kichwa chake kilikuwa bapa kabisa. Tangu lile wimbi la kapasita mbovu lililoanza mwaka 1999 na kuendelea hadi katikati ya miaka ya 2000, mafundi wengi wamezoea kutafuta zilizovimba, na isiyovimba husamehewa.

Kabla ya kudai hela yake, alirudisha printa kwenye ekstensheni ileile kwa makusudi, baridi, na kompyuta ikiwa na pawa saplai mpya. Taa ikafifia, karatasi ikatoka, kompyuta haikutikisika. Ndipo akairudisha printa ukutani, akamwambia mwenye duka anunue ekstensheni ya waya mnene na asithubutu kuichomeka printa hiyo kwenye UPS.