Dakika 20 za Saint Boy

Wengi wenu bado mnamlaumu Mjerumani Annika Schleu. Mimi namlaumu kocha, na waliotunga kanuni zaidi yake. Olimpiki ya Tokyo, 6 Agosti 2021, pentathloni ya wanawake: Schleu anaongoza baada ya kuogelea na vitara, yuko juu ya farasi Saint Boy, analia, farasi anarudi kinyumenyume. Kutoka pembeni kocha Kim Raisner anampigia kelele: mpige, mpige kweli kweli! Kisha anamshushia farasi ngumi yeye mwenyewe.

Turudishe picha nyuma kidogo. Farasi anayerudi nyuma hivyo amekwisha kusema anaogopa. Mpandaji aliyeingiwa na hofu hukaza hatamu bila kujijua, kwa hiyo lijamu inamwambia farasi simama huku visigino na fimbo vikimwambia nenda. Akiongezewa kipigo, hana njia iliyobaki ila kurudi nyuma au kusimama kwa miguu miwili. Amri sahihi ilikuwa kinyume chake: legeza hatamu, acha fimbo, mzungushe taratibu, mkune pale shingo inapokutana na mgongo. Hapo ndipo farasi hukunana wenyewe kwa wenyewe, na utafiti uliochapishwa mwaka 1993 ulionyesha kuwa kukunwa hapo hushusha mapigo ya moyo wa farasi. Saa ingekula pointi, sawa. Lakini pointi zilipotea zote, na Schleu akashuka hadi nafasi ya 31.

Tena Saint Boy alikuwa amekwisha kugoma siku ileile chini ya mpandaji mwingine, Gulnaz Gubaydullina. Waamuzi waliona, wakamruhusu arudi uwanjani. Watangazaji nao, kama kawaida yao, wakamwita mkaidi! Nimechoka na neno hilo. Kura ndiyo iliyowakutanisha Schleu na Saint Boy, wakapewa dakika 20 za kuzoeana. Dakika 20 hazimtoshi saisi makini kumsugua farasi mwili mzima na kuchokoa kwato zote nne. Na kwato ndiyo kipimo changu: farasi ni mnyama wa kukimbia, akikuachia mguu wake mkononi amekuachia njia yake ya kujiokoa. Hilo hulipati kwa kura. Hupatikana kwa mkono uleule, saa ileile, kila asubuhi, kwa burashi na ndoo ya maji.



Wajerumani haohao walikuwa na mruka viunzi Hans Günter Winkler. Olimpiki ya Stockholm, 1956, alichanika msuli wa kinena katika mzunguko wa kwanza. Wa pili alipanda akiwa na dawa za maumivu, hawezi kumwongoza farasi wake Halla ipasavyo. Halla akaruka viunzi vyote bila kuangusha hata kimoja, na dhahabu ikawa yao. Jike yule alisifika kwa ukorofi, lakini walikuwa pamoja miaka kadhaa, na ubingwa wa dunia wa 1954 walikwisha kuutwaa. Mngemletea Winkler farasi wa kura siku ile, angetolewa uwanjani kwa machela.

Shirikisho la pentathloni lilipobanwa, Novemba 2021, likaamua kuwaondoa farasi kabisa baada ya Paris 2024. Kura na zile dakika 20 hazikuguswa. Paris walipanda tena farasi wa kura.