Virginia Iliyoiharibu Crooklyn

Sehemu ya Virginia ndiyo doa la Crooklyn, filamu ya Spike Lee, na miaka yote hii sijaona sababu ya kulifumbia macho. Mnakumbuka: Troy, binti mdogo, anatolewa Brooklyn ya 1973, anapelekwa kwa Uncle Clem na Aunt Song, na ghafla watu wote wanakuwa warefu na wembamba. Spike Lee na mpigapicha wake, Arthur Jafa, walitumia lenzi ya anamofiki, inayobana picha ili projekta ije kuinyoosha, kisha wakaiacha vivyo hivyo, imebanwa, kwa takriban dakika 20. Filamu ilipotoka 1994 watazamaji walidhani projekta imeharibika, hata kumbi zikabandika matangazo ya kuwaeleza kwamba si hitilafu. Uamuzi wa kisanii unaohitaji tangazo mlangoni umeshindwa kazi.

Lee alitaka tuuhisi ugeni wa mtoto. Lakini ugeni ulikuwepo tayari! Aunt Song anazichukia nywele za Troy za kusuka, anazifumua na kuzinyoosha. Sofa inakunjuliwa, na Queenie, mbwa anayedekezwa kuliko watoto, amekufa ndani yake. Zelda Harris, anayemwigiza Troy, anayabeba hayo yote kwa uso wake, na uso huo ndio lenzi imeuvuruga.

Kibaya zaidi ni pale picha inaponyooka. Troy anarudi New York na kukuta mama yake, Carolyn, yuko hospitali. Hapo ndipo tulipaswa kukosa pumzi. Badala yake tunashusha pumzi, maana macho yamepata nafuu. Picha inatuliza kwenye dakika ileile ambayo hadithi inaumiza.

Alfre Woodard na Delroy Lindo, wazazi wa Troy, hawana kasoro, na ugomvi wa kunde mezani umepigwa vizuri. Muziki ni kasoro nyingine: Lee haachi mahali pakae kimya, wimbo mmoja ukiisha mwingine umeshaingia.

Linganisha na Cooley High, filamu ya Michael Schultz ya mwaka 1975 juu ya vijana wa Chicago ya 1964. Preach anapomkuta rafiki yake Cochise amekufa chini ya reli ya juu, Schultz hachezei fremu. Anamwachia Glynn Turman, anayemwigiza Preach, kazi yote. Kwangu Cooley High bado iko juu, na Crooklyn ingeikaribia sana kama Virginia ingepigwa kwa lenzi ileile ya Brooklyn.