Sauti ya Kifaransa, Maneno ya Kiswahili: Kurasa za Serikali ya Kongo na Msomaji Asiyeona wa Ndosho

Wahakiki wa maandishi ya umma huuliza mengi kuhusu lugha ya maandishi hayo, lakini ni nadra kuuliza yanasomwa kwa kiungo gani cha mwili. Hudhaniwa tu kuwa ni jicho. Makala haya yanamchukua msomaji anayetumia sikio: mkazi asiyeona wa Ndosho, mtaa wa komini ya Karisimbi mjini Goma, ambaye simu yake ina programu ya kusoma kwa sauti maandishi yaliyo kwenye kioo, naye anataka kujua serikali imemwahidi nini.

Ahadi hazikosekani. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 49, inawapa wazee na watu wenye ulemavu haki ya kulindwa kwa hatua maalumu. Mwaka 2015 Kongo ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao kifungu chake cha 9 kinataja waziwazi teknolojia ya habari na mawasiliano, intaneti ikiwemo. Tarehe 3 Mei 2022 ikatolewa sheria nambari 22/003 ya kulinda na kukuza haki za watu hao. Sheria yenyewe imeandikwa kwa Kifaransa, lugha rasmi ya nchi. Hata hivyo, kifungu cha 142 cha Katiba hiyohiyo kinaitaka serikali ieneze kila sheria kwa Kifaransa na kwa kila mojawapo ya lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwa mojawapo, katika muda wa siku 60 tangu kutiwa sahihi. Hapa ndipo suala la ulemavu na suala la lugha yanapokuwa suala moja, jambo ambalo mijadala ya kila upande huelekea kulisahau.

Ndosho si mfano uliookotwa hivihivi. Katika mtaa huo ipo hospitali ya CBCA, ambayo kwa miaka mingi imewapokea majeruhi wa vita kwa msaada wa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu. Januari 2025, Goma ilipotekwa na M23, hospitali hiyo ilifurika. Kwa hiyo ulemavu wa Ndosho haukuletwa na maradhi na uzazi peke yake. Sehemu yake imeletwa na risasi na mabomu. Mwaka huohuo uongozi wa mkoa unaoitii Kinshasa ulihamishiwa Beni. Kwa mwananchi aliyebaki nyuma, ukurasa wa wizara ukawa karibu mlango pekee wa ofisi ya serikali hiyo anaoweza kuufikia bila kusafiri.

Je, mlango huo unafunguka? Kikwazo cha kwanza ni picha. Tangazo la serikali mara nyingi huwekwa likiwa picha ya barua yenye sahihi na muhuri. Jicho huona maneno. Programu ya kusoma huona picha tu, ikanyamaza au ikataja jina la faili. Muhuri umeheshimiwa kuliko ujumbe. Tena picha hula mega za simu, na mega hununuliwa.

Kikwazo cha pili kinawahusu wanaisimu moja kwa moja. Kila ukurasa unapaswa kubeba, ndani ya maandishi yake yasiyoonekana, alama ndogo inayoiambia programu lugha inayotumika. Miongozo ya kimataifa ya upatikanaji wa tovuti, iliyotolewa kwanza mwaka 1999 na kufikia toleo la 2.2 mwaka 2023, inalitaka jambo hili katika ngazi yake ya chini kabisa. Ikiwa alama inasema Kifaransa, na kwa bahati njema ukurasa umetafsiriwa kwa Kiswahili, mashine huweza kukisoma Kiswahili kwa kanuni za Kifaransa. H hupotea: haki inakuwa “aki”. E ya mwisho humezwa. Ch inakuwa sh. S iliyo kati ya irabu mbili inageuka z, hivi kwamba kisa kinasikika kama kiza, na kosa kama “koza”. Tafsiri inaweza kuwa sahihi kabisa kwenye karatasi huku masikioni ikiwa fujo.

Ni kweli kwamba sauti za mashine za Kiswahili zilizoenea zimetengenezwa kwa matamshi ya Tanzania na Kenya, na kwamba sikio la Goma limezoea bi- mahali pengi ambapo Kiswahili sanifu kina vi-. Wapo watakaodai kwamba sharti Kiswahili cha Kongo kipate sauti yake kwanza. Dai hilo lina heshima yake, lakini kwa maandishi ya sheria halina uzito. Mtu wa Goma aliyesoma Kiswahili bora shuleni anamwelewa msomaji wa Dar es Salaam. Kusubiri sauti ya nyumbani kungempa mzembe kisingizio kingine.

Istilahi nazo zinahitaji kupimwa kwa sikio. Tafsiri ya neno kwa neno kutoka Kifaransa huzaa “mtu anayeishi na ulemavu”, virai virefu vinavyorudiwa katika kila aya. Kiswahili tayari kina “mwenye ulemavu”. Jicho huruka marudio. Msikilizaji hulazimika kuyasikia yote. “Kilema” ni neno fupi zaidi, lakini lina dharau, na ufupi hauwezi kuwa hoja ya kulirudisha.

Viziwi wamo katika hali nyingine kabisa. Lugha za alama zinazotumiwa katika shule nyingi za viziwi za nchi za Kiafrika zinazotumia Kifaransa zilitokana na ile ya Marekani, kupitia kazi ya Andrew Foster, kiziwi mwenyewe, aliyefariki katika ajali ya ndege nchini Rwanda mwaka 1987. Kwao Kifaransa na Kiswahili cha maandishi vyote ni lugha za pili, na ukurasa usio na video ya lugha ya alama umewaacha nje. Aliyepoteza mikono anahitaji vitufe vikubwa visivyokaribiana.

Kuweka alama ya lugha ni kazi ya dakika chache. Kutafsiri sheria ni kazi ya wiki kadhaa, na idara za Kiswahili zina watu wanaoiweza. Mfasiri atakayeifanya aisikilize tafsiri yake kupitia simu ya kawaida, kioo kikiwa kimezimwa, kabla hajaikabidhi.