Subaru na BMW mu vumbi ya Kinsevere

Bandugu, mabishano yetu juu ya motokari za mbio za milango mine, za Japani na za Ujerumani, karibu yote yanaanza vibaya. Mutu anafungua video, anahesabu farasi, anafunga mambo: BMW M5 ya 1998 iko na farasi 400, Subaru Impreza STI ya miaka ile iko na 280. Basi, Mujerumani ameshinda!

Ile 280 haikuwa mwisho wa akili ya Bajapani. Viwanda vyao vilikuwa vimepatana kutopita namba hiyo, mpaka 2004. Bajerumani nao walijiwekea mpaka, lakini wa mwendo: kilomita 250 kwa saa.

Tena, sisi tuko juu, karibu metre 1.200 toka bahari. Hapa hewa ni nyepesi, na moteri bila turbo, kama ile V8 ya M5, inapoteza zaidi ya sehemu moja kwa kumi ya nguvu yake. Turbo inasukuma hewa ndani, inarudisha sehemu kubwa ya ile iliyokosekana. Video haisemi hiyo.

Kisha kuna udongo, na hapo mimi agronome niko kwangu. Ule mwekundu wa Kinsevere, mu kiangazi ni vumbi laini inayojaza filtre ya hewa. Mu mvua unateleza kama sabuni. STI na Lancer Evolution zinasukuma magurudumu yote mane kwa sababu zilizaliwa mu rally. Colin McRae alishinda Safari ya Kenya na Impreza mu 1997, Tommi Mäkinen na Lancer mu 2001. Lakini tusidanganyane: mu 1987 Safari ileile ilishindwa na Hannu Mikkola mu Audi 200 quattro, motokari kubwa ya Kijerumani ya milango mine. Kwa hiyo si taifa njo linashinda matope. M5 inasukuma magurudumu ya nyuma tu, na iko chini. Mu lami nzuri sitaitukana: inatulia, inakushikilia, hata hausikii mwendo.

Lakini kitu kinachoniogopesha ni volani. Kongo tunatembea kuume, na motokari nyingi za Japani zinatufikia kwa Dar es Salaam na Kasumbalesa, volani kuume vilevile. Siku moja nilikaa kushoto, kando ya rafiki, nyuma ya kamyo ya mugodi. Yeye hakuona kitu mbele. Mimi njo nilikuwa macho yake. Nikamwambia, "Pita." Akatoka. Mu vumbi nikaona taa mbili. "Rudi! Rudi!" Tulirudi, lakini mpaka mjini hakuna aliyesema neno.

Mimi ningechukua STI, lakini ile iliyouzwa Ulaya, volani kushoto. Ile ya Japani, hata wakinipa bule, ningeiendesha mu mutaa tu, hapana nyuma ya kamyo.