Makaburi Mawili ya Risasi

Mvuvi wa Mtongwe anapofunga chubwi kwenye mshipi wake, anashika risasi. Mpiga shabaha wa Bamburi anapojaza bastola yake, naye anashika risasi. Kiswahili hakikuona haja ya kutenganisha madini na kile kinachotoka mtutuni, na kwa anayetaka kuelewa kanuni za uwanja wa shabaha, uvivu huo wa lugha ni msaada mkubwa. Makatazo yanayowaudhi wageni uwanjani, kwamba usije na risasi zako, aina hii haipigwi hapa, lipia hiki, rudisha maganda, mengi yake hayahusu bunduki. Yanahusu yale madini ya kijivu: yatalala wapi yakishatoka, na ni nani aliyeyahesabu.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyamapori mwaka 1977. Mwenye bunduki ya mchezo akabaki hasa na karatasi na vibao vya chuma, na mahali pa kuvipigia. Upande wa bara wa Mombasa jina linalojulikana ni Bamburi Rifle Club, huko Kisauni. Sitaichambua klabu hiyo wala bei zake. Ninachochambua ni mantiki ambayo uwanja wowote unaoendeshwa kwa akili lazima uifuate, hasa ukiwa juu ya ardhi kama ya kwetu.

Tuanze na tuta, maana ndilo uwanja wenyewe. Bunduki huja na kuondoka, tuta hubaki.

Bamburi ni nchi ya matimbo. Kiwanda cha saruji kilianza kazi huko mwaka 1954, na mashimo yaliyoachwa nyuma ndiyo René Haller aliyoanza kuyapanda mivinje mwaka 1971, hadi tukapata Haller Park. Mtu asiyejua akiutazama ukuta wa timbo la matumbawe huona kinga ya bure: mwamba mrefu na mnene ambao hakuna risasi itakayoutoboa. Ni mtego. Mwamba hauipokei risasi, huirudisha. Risasi ikiugonga kwa mshazari hudunda na kwenda isikotarajiwa, na kipande chake kinaweza kumrudia aliyeipiga. Ndiyo maana mbele ya ukuta wa aina hiyo lazima pawe na tuta la mchanga au la udongo uliochekechwa mawe yote, na kwa viwanja vya wazi urefu wa kawaida ni mita 4.5 hadi 6. Jiwe moja lenye ukubwa wa ngumi lililojificha kwenye udongo huo linatosha kuharibu siku ya mtu.

Sasa fanya hesabu. Tuta lina urefu wa mita 5, mpigaji kashika bastola kwenye kimo cha mita 1.5, na yuko mita 50 kutoka kwenye tuta. Ili risasi yake ipite juu, anahitaji kuinua mtutu nyuzi 4 tu. Kwenye bastola ya sentimita 18, hizo nyuzi 4 ni ncha kupanda kama sentimita moja na robo. Basi unaelewa kwa nini msimamizi wa mstari hupiga kelele mtu akivuta kifyatulio huku bastola ingali inashuka kutoka juu, na kwa nini kujaza na kutoa risasi hufanywa mtutu ukiwa umeelekea tutani. Risasi ndogo kabisa, ile ya .22 ambayo watu huiita ya watoto, huandikwa kwenye kasha lake onyo la hatari hadi maili moja na nusu, yaani zaidi ya kilomita 2. Upana wa kivuko cha Likoni ni kama nusu kilomita. Ukilipita tuta la Kisauni, ng'ambo ya pili kuna nyumba za watu.

Hapo ndipo orodha ya risasi zilizokatazwa inapoanza kueleweka. Risasi ya .22 hutoka na nguvu ya jouli 150 hivi. Ya bastola ya 9 mm, karibu 500. Ya bunduki ya AK, kama 2,000. Na ya bunduki ya G3, zaidi ya 3,000. Kibao cha chuma kilichotengenezewa bastola hupokea ya 9 mm kikaipasua kuwa vumbi. Kipige kwa bunduki ndefu kitachimbika kishimo, na kishimo hicho ndicho kitakachomrushia vipande mpigaji wa kesho, ambaye hana kosa. Kwa raia wa Kenya swali la AK na G3 limekwisha kujibiwa kabla hajafika uwanjani: sheria ya silaha, Sura ya 114, inahesabu miongoni mwa silaha zilizopigwa marufuku ile inayoendelea kufyatua kwa mbonyezo mmoja. Lakini hata pasingekuwa na sheria, kibao kingekataa.

Kisha kuna sumaku. Katika viwanja vingi duniani utamwona msimamizi akichukua risasi yako na kuisogezea sumaku kwenye ncha. Ikinasa, haipigwi. Anatafuta kiini cha chuma, kama kilichomo kwenye risasi za kawaida za AK za kizamani, kwa sababu chuma hakipasuki kama madini laini: huharibu vibao, hudunda vibaya, na kikigonga jiwe hutoa cheche, jambo lisilotakiwa penye majani makavu ya Januari. Sumaku haisemi yote, hata hivyo. Kuna risasi zenye kiini laini zilizovikwa gamba la chuma lililopakwa shaba; nazo hunasa vilevile, na mwenyewe hurudishwa nyumbani akilalamika kwamba ameonewa. Kwa kipimo cha ufundi kaonewa kweli. Ila msimamizi mwenye watu 20 mstarini hawezi kupasua kila risasi aone tumboni, nami niko upande wake. Risasi za mwanga na za kuwasha moto hazihitaji sumaku wala mjadala.

Nyingine inayokatazwa mara nyingi ni risasi iliyojazwa upya nyumbani kwa ganda la zamani, fataki mpya na baruti ya kupima kwa mizani. Anayeijua kazi hii huifanya vizuri kuliko kiwanda. Tatizo ni kwamba uwanja hauna njia ya kumtambua anayeijua, na bastola ikipasuka, aliyesimama kulia kwake ndiye atakayepata vipande.

Ada sasa. Watu huuliza kwa nini walipe kiingilio, halafu walipe risasi kwa bei inayozidi ya dukani, halafu waambiwe wasitoke na zilizobaki. Nitawapa hesabu nyingine. Risasi ya 9 mm ya kawaida, kile kichwa peke yake bila ganda, ina uzito wa gramu 7.5 hivi. Watu 20, kila mmoja akipiga 100 asubuhi moja, wameacha tutani kilo 15. Wikendi 50 kwa mwaka, kilo 750. Robo tatu ya tani ya risasi, madini yale yale, imefukiwa kwenye tuta moja ambalo mvua ya masika huliosha. Marisau ya bunduki za ndege ni balaa zaidi, kwa kuwa hayaingii tutani. Katriji moja yenye gramu 28 za namba 7½ hutawanya chembe zipatazo 350, na hizo haziokotwi kwa mkono.

Wakazi wa Mombasa hawahitaji kuhadithiwa madini hayo hufanya nini mwilini. Owino Uhuru, kijiji cha Mikindani jirani na Changamwe, kiliishi miaka kadhaa na kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri kuukuu hadi kilipofungwa mwaka 2014. Phyllis Omido alipata tuzo ya Goldman mwaka 2015 kwa kupigania wanakijiji waliodhuriwa na risasi hiyo. Mahakama ya Mazingira ya Mombasa iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, Mahakama ya Rufani ikaitengua, na Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Uwanja wa shabaha si kiwanda cha kuyeyusha. Risasi iliyolala tutani ikiwa nzima haina moshi. Lakini iliyopasuka juu ya chuma huacha vumbi, vumbi hilo huenda nyumbani na mikono isiyonawa, na wa kwanza kuumia ni watoto.

Kwa bahati, ile ardhi ya matumbawe iliyotuangusha kwenye kudunda hapa inatubeba. Madini haya huyeyuka na kusafiri kirahisi kwenye udongo wenye tindikali. Chokaa huyazuia, kiasi kwamba kwingineko duniani wenye viwanja hununua chokaa na kuimwaga kwenye matuta yao, na sisi tunaikanyaga bure. Isitudanganye lakini. Mwamba wa matumbawe una nyufa, maji hupita humo upesi, na Kisauni watu wengi hunywa maji ya visima. Kwa hiyo tuta lazima lichekechwe kila baada ya muda, risasi zitolewe na kuuzwa kwa anayezitumia kihalali, udongo urudishwe. Kazi hiyo hulipiwa. Ukiona uwanja wenye kiingilio cha bei ya soda, uliza tuta lilichekechwa lini. Ningependa kila uwanja uandike kwenye ubao sehemu ya tuta peke yake. Manung'uniko yangepungua nusu.

Ile kanuni ya kununua risasi hapo hapo na kuzimalizia hapo hapo ina sababu ya pili. Cheti cha silaha nchini Kenya hakitaji bunduki na namba yake tu. Kinataja pia ni risasi ngapi mwenyewe anaruhusiwa kununua na ngapi kuwa nazo kwa wakati mmoja. Mazoezi ya maana hula nyingi kwa asubuhi moja. Uwanja unaouza na kuona zikipigwa humwezesha mtu kufanya mazoezi bila kurudi nyumbani na shehena. Hesabu hizo ziliongezewa uzito Desemba 2018, Waziri Fred Matiang'i alipoamuru raia wote wenye silaha wahakikiwe upya na Bodi ya Leseni za Silaha. Hata anayeshuka uwanja wa ndege wa Moi, pale Port Reitz, ana mizani yake: kanuni za usafiri wa anga zinamruhusu abiria kilo 5 za risasi kwenye mzigo wa chini. Kwa 9 mm ni kama 400, kwa .22 kama 1,500. Kizito na chepesi hupimwa kwa kilo, lakini polisi huhesabu moja moja.

Ndiyo sababu nasema risasi ina makaburi mawili, la udongo na la daftari, na haijazikwa mpaka iingie yote mawili. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 washambuliaji walivamia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua askari na kuondoka na bunduki zaidi ya 40 pamoja na maelfu ya risasi. Wiki zilizofuata, Likoni na Pwani ya Kusini ziliona nyingine zilikoishia. Maelfu hayo yalikuwa na mstari mmoja tu wa hesabu, wa kutoka.

Uwanjani mstari wa pili hujazwa jioni. Maganda hufagiwa na kuhesabiwa: zilitoka risasi 100, yamerudi maganda 97. Mawili hupatikana kwenye majani. Risasi moja ni ile iliyokataa kulipuka saa nne asubuhi, mpigaji akasubiri sekunde 30 mtutu ukiwa umeelekea tutani kabla ya kuitoa. Haiwezi kwenda nyumbani wala kutupwa jaani. Huandikwa peke yake, huwekwa kwenye ndoo yake, na mwenyewe hutia sahihi kabla ya kurudishiwa kitambulisho chake getini.